Koti Lililopigwa Pasi

Picha hii umeiona, usinidanganye. Ziwa Naivasha limelala kule chini kama sinia la bati, ng'ambo yake mlima Longonot na mdomo wake uliomeguka, jua ndiyo kwanza linachungulia, na hapa mbele vikombe viwili vya kahawa vinafuka juu ya ukingo wa mbao. Uliiona kwenye simu, ukaipa moyo, ukamtumia dada yako na maneno: Desemba twende huku. Hukuuliza ule mvuke mweupe pembeni unatoka wapi, wala nani anaamka kuutunza. Ulitazama ulipoelekezwa kutazama. Palipokuwa na mtu, macho yako yaliruka.

Sajini Joyline Nanyama, mpelelezi kutoka Nakuru, alisimama mahali pale pale pa vikombe Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mlima alikuwa ameupa mgongo.

Alikuwa amelala vibaya. Lodji ya Mvuke Ridge ilikuwa imempa chumba cha juu kabisa bila kumwuliza lolote: kitanda cha kulaza familia nzima, chupa ya maji moto miguuni, kikaratasi juu ya mto kikisema karibu nyumbani. Nanyama alizaliwa kwenye nyumba za reli kule Nakuru, watu saba chumba kimoja, na kitanda cha bure alijua kukisoma. Anayemlaza askari pazuri kiasi hicho ana ripoti anayoitaka.

Nayo ripoti ilikuwa imeshaandikwa nusu. Muiruri, fundi wa mvuke, miaka hamsini na minane, alikutwa Jumatano saa saba mchana ndani ya shimo la mvuke nje ya ua wa lodji, ameungua mwili, amekufa. Milima hii ya Eburru imejaa mashimo kama hayo, ardhi inapumua usiku na mchana. Meneja aliandika kwamba marehemu alikuwa amelewa akateleza. Chupa ndogo ya pombe kali ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Lodji imejitolea kutoa jeneza na gari. Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na hakuna daktari aliyeupasua mwili.

"Chukua taarifa mbili tatu, ufunge faili," mkubwa wake alikuwa amemwambia kwa simu.

Angefunga. Lakini Alhamisi jioni mjane alimngoja getini na mfuko wa plastiki. Jina lake Wariara, watu wote walimwita Mama Sue. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti lile, alilopewa na wahudumu wa mochari.

"Afande, hii nguo nimeifua miaka kumi na moja. Nusa."

Nanyama alinusa. Mchaichai. Harufu ile ile ya shuka za kitanda chake cha bure.

"Sasa tia mkono kwa mfuko."

Mkono uliingia ukafika mwisho.

"Umefika mwisho, si ndiyo? Huo mfuko hauna mwisho. Ulitoboka Sue akiwa form two. Mzee akiweka msumari unateremka mpaka huku kwa pindo. Kila siku nasema kesho nitashona, kesho nitashona." Mama Sue aliligeuza koti. "Halafu naambiwa chupa ilitolewa humo."

"Alikuwa akinywa, mama?"

"Jumamosi. Kila Jumamosi, na sitamfichia. Amekufa Jumatano." Akaushika mkono wa Nanyama, akaubana. "Nani alimshonea mume wangu mfuko, afande?"

Swali hilo ndilo lililomnyima Nanyama usingizi. Koti lilikuwa na mstari wa pasi mikononi, mkali kama wa sare ya gwaride. Mtu aliyeungua mgongo na mabega hadi ngozi kutoka, amevaa koti lililonyooshwa. Shimo la mvuke linaua, sawa. Halishoni.

Na ikiwa Muiruri angezikwa kesho, kuufukua mwili kungehitaji kesi, na kesi hizo zinajua kuzeeka. Kuyasimamisha mazishi kulihitaji amri ya hakimu kule Naivasha, leo, kabla korti haijafungwa saa kumi na moja. Alikuwa na siku moja, na hakimu hatatoa amri kwa harufu ya mchaichai.

"Sajini wangu, umeamkaje?" Meneja Quincy alikuja na vikombe viwili, viatu vyake vikilia juu ya mbao. Mtu nadhifu, ndevu zimechorwa kwa wembe. "Huku ni baridi lakini view inalipa."

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuambia jana. Kikopey. Nilitoka hapa saa kumi na moja na nusu kuchukua nyama ya wageni, nikarudi saa mbili na nusu."

"Hukumwona Muiruri?"

"Ningemwona wapi? Mzee akishapata ile kitu yake ya chupa, hata kazini haji." Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa. "Tulimvumilia sana."

Nanyama aliandika neno kwa neno, akageuza daftari. "Weka sahihi hapo chini ya Kikopey."

"Hata kwa hiyo?"

"Hasa kwa hiyo."

Quincy aliweka sahihi. Nanyama aliiacha kahawa yake pale pale kwenye ukingo, ikipendeza.

Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya jiko. Fancy Jepleting alikuwa akipiga pasi mito, redio ndogo ikimsomea habari. Alipoona koti, uso ulimfunguka kabla akili haijamwonya.

"Hiyo mkono ni yangu," alisema, akigeuza mfuko. "Ona stichi. Nguo ikiingia hapa imetoboka, haitoki imetoboka. Hiyo ndiyo sheria yangu, hata kama hawanilipi ya kushona."

"Na huu uzi wa njano kwa kola?"

"Nguo isiyo na namba ya chumba tunaitia uzi isipotee. Kila siku na rangi yake. Njano ni Jumatano." Akasita. Pasi ilikuwa mkononi, mvuke mdogo ukitoka chini yake. "Madam, si hiyo ndiyo alikuwa amevaa?"

"Endelea na kazi, mtu asikuone umesimama. Ililetwa saa ngapi?"

"Mapema. Wageni walikuwa hawajakunywa chai. Bosi mwenyewe alileta, ameikunja kwa mkono hivi kama paka amekufa. Akasema inaharibu view, nioshe ama nichome." Alishusha sauti. "Nikajua ni ya mzee. Nikasema wacha nimtengenezee vizuri, atashangaa. Huyo mzee alikuwa ananiletea maji ya mvuke ya kunywa, hii ya bomba ina chumvi. Nikaosha, nikatia kwa mashine ikauka, nikashona, nikapiga pasi."

"Bosi yupi?"

"Tuko na wangapi? Quincy."

"Asubuhi, kabla ya chai. Una hakika hakuwa Kikopey?"

Fancy alicheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Nyama ya Kikopey huwa inaletwa na pikipiki, madam. Akairudia koti saa sita. Ilikuwa bado na joto ya pasi. Akasema anampelekea mzee."

Meneja hakuwa amedanganya hapo. Alimpelekea.

Fancy alitia sahihi taarifa yake juu ya meza ya pasi, karatasi ikiwa imelazwa juu ya mto wa wageni. "Nitafutwa kazi leo," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa nisikilize kabla hatujashuka bandani, maana hili hukuandikiwa kwenye ule ukurasa wa kuweka nafasi ya chumba. Mlima huu haukuanza na vikombe vya kahawa. Mzungu mwenye shamba ndiye aliyetoboa mvuke wa kwanza akakaushia pareto, na walioibeba pareto hiyo ni babu zao watu hawa unaowaona wakibeba mabegi yako. Mwanamume mmoja alipikwa ndani ya chemba ya mvuke enzi hizo, jina lake halikuandikwa popote. Shamba halikusimama hata siku moja. Ndipo wenzake, wenyewe kwa wenyewe, wakatunga sheria: anayeingia chemba kukwangua ukoko wa chumvi hufunga koki, kisha hulitundika koti lake kwenye gurudumu la koki. Koti likiwa pale, koki haiguswi. Mzungu akaondoka, shamba likagawanywa, pareto ikafa, lodji ikaja ikauzungushia mvuke ua. Bomba la kupozea mvuke, ambalo kijiji kilikingia maji ya kunywa, likaelekezwa kwenye bafu la wageni. Vyote vilibadilika. Sheria ya koti ilibaki, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotungwa na watu wanaoungua.

Banda la mvuke lilikuwa chini kidogo ya ukumbi wa mbao, mbele kabisa ya ile mandhari. Gurudumu la koki lilikuwa kubwa kama usukani wa lori, lote kutu, isipokuwa sehemu moja juu iliyong'aa. Levis, mhudumu wa bafu la mvuke, alikuwa akipanga taulo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mikono mipana. Jana walimwambia Nanyama kwamba Levis na Muiruri walikuwa hawasemezani tangu Pasaka, na jana alikuwa ameweka alama ya nyota mbele ya jina lake.

"Hapa panang'aa," Nanyama alisema. "Panasuguliwa na nini?"

Levis aliendelea kupanga taulo.

"Mlikosana na Muiruri kuhusu nini?"

"Kufuli." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Alitaka tuandike barua ya kuitisha kufuli ya hii koki. Mara ya tatu. Mimi nikasema sitaweka jina langu tena, nina watoto. Akaniita mwoga." Alikunja taulo iliyokuwa imekunjwa tayari. "Hiyo tu."

Nanyama akalitoa koti kwenye mfuko, akalitundika pale palipong'aa. Likakaa sawasawa, kama lililozoea.

Levis akaketi juu ya ndoo.

"Niliangalia," alisema. "Sajini, niliangalia. Kulikuwa na mgeni wa saa moja na nusu, bafu lazima lipate moto mapema. Nikaja hapa saa moja kamili. Nikaangalia gurudumu. Hakuna koti. Hata nikarudia kuangalia, kwa sababu ilikuwa Jumatano na Jumatano huwa anakwangua. Nikasema leo amechelewa. Nikafungua."

"Hukusikia kitu?"

"Ikifunguliwa inanguruma kama treni. Mtu aite vipi asikike." Aliipitisha mikono usoni. "Saa tatu nikaona mlango wa chemba haujafungwa vizuri, unatoa mvuke. Nikafunga koki. Nikafungua mlango."

Chini, mbali, mvuke wa kijijini ulipanda kutoka kwenye mabomba machache yaliyobaki.

"Quincy akaniambia ni mimi nimeua. Akasema mkono uliozungusha ni wangu, na hakuna mtu ataamini habari ya koti, maana koti ni lipi? Akasema tumbebe mpaka shimoni, familia itazika vizuri, mimi nitabaki na kazi. Tulimvisha. Mimi ndiye nilimwingiza mikono." Alitazama mikono yake mwenyewe. "Ilikuwa imenyooka sana, hiyo koti. Ilikuwa ngumu kumvisha."

"Na chupa?"

"Sikuona ikiwekwa. Nilikuwa nimegeuka."

"Ukiweka sahihi hapa, Levis, umekiri mambo mawili. Umefungua koki, na umehamisha mwili. La pili ni kosa. Sitakudanganya."

"Na nisipoweka?"

"Kesho saa nne anazikwa mlevi."

Levis aliichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, majina matatu, polepole, kama mtoto wa shule. "Kwenye barua ya kufuli sikuliweka," alisema.

Saa tatu kasorobo. Taarifa mbili za wafanyakazi, na neno la meneja dhidi yao. Wakili wa lodji angesema Fancy ana chuki, naye Levis anajinusuru. Kilihitajika kitu kisichoweza kufutwa kazi. Nanyama alipanda tena ukumbini akitembea haraka, akasimama pale pa vikombe, na safari hii akatazama kile kila mtu anachotazama. Kutoka pale, ndani ya picha ile ile ya ziwa na mlima, gurudumu la koki lilikaa chini kushoto. Huwezi kupiga picha ya Longonot bila kulipiga.

Mgeni mmoja tu wa Jumatano alikuwa bado yupo. Natasha, binti wa Nairobi mwenye wafuasi laki na zaidi, alikuwa akingoja dereva kando ya begi la magurudumu.

"Sis, mimi sitaki kuingizwa kwa hiyo maneno ya mzee," alisema kabla ya kuulizwa.

"Nataka tu kuona picha zako za Jumatano asubuhi."

"Ziko kwa page, angalia." Alionyesha. Mlima, ziwa, vikombe. Gurudumu tupu. Saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Mioyo elfu arobaini na moja.

"Hii ni ya mwisho. Za kwanza?"

"Nilifuta. Kulikuwa na kinguo fulani kinaning'inia hapo kwa chuma, kinaharibu frame. Nikamwambia meneja, na heshima, hiyo kitu inaweza toka? Akaenda kutoa mwenyewe. Ako poa sana."

"Zilizofutwa hukaa mwezi mzima kwenye simu. Fungua."

Natasha alifungua akinuna. Picha zilikuwa tatu. Kwenye ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, koti lilining'inia kwenye gurudumu, mfuko umetoboka, bitana ya ndani imechungulia. Nanyama aliipanua kwa vidole. Chini ya koti palikuwa na mlango mdogo wa chuma, wazi, na ndani ya giza la mlango, nusu ya soli ya buti.

Kwenye ya tatu, dakika tatu baadaye, Quincy alikuwa akipanda ngazi, koti limekunjwa mkononi, anatabasamu kwa mpiga picha. Mlango ulikuwa umerudishwa. Buti halionekani.

"Sikuona hiyo," Natasha alisema. "Naapa sikuona hiyo kiatu."

"Najua. Nitumie hizo mbili. Sasa, nikiwa hapa."

Nyuma yao viatu vililia juu ya mbao. "Natasha, gari iko tayari," Quincy alisema kwa utaratibu. "Tumekuwekea wikendi nyingine ya Aprili, na rafiki. Sajini, tusimcheleweshe mgeni."

Natasha aliwatazama wote wawili. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo, na chini yake maneno mawili ambayo simu huuliza kila mara: rudisha, au futa kabisa.

"Nitakutumia nikifika Nairobi," alisema.

"Ukifika Nairobi utakuwa umeshafikiria."

"Unaweza kuninyang'anya?"

"Bila karatasi ya korti, wakili wa lodji ataitupa picha hiyo dirishani. Lazima uitoe wewe."

Simu ilizimwa kioo, ikaingia kwenye mkoba. Begi la magurudumu liligongagonga mbao hadi kwenye gari. Nanyama aliinakili namba ya gari, akalitia koti kifuani mwake chini ya jaketi, akashuka kwa miguu kuelekea barabara ya Gilgil akipiga simu ya korti, taarifa mbili mfukoni. Moja ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa anafutwa kazi wakati huo huo, nyingine ya mwanamume aliyejipeleka jela kwa majina matatu. Getini Mama Sue alikuwa amesimama pale pale pa jana.

"Umempata aliyeshona?"

"Nimempata. Alishona kwa mapenzi, mama. Sasa natafuta waliotazama."

Kitabu cha wageni kinasema Jumatano ile ukumbini palikuwa na watu kumi na tisa, kila mmoja na simu yake, kila mmoja ameelekea mlimani. Natasha ni mmoja. Waliobaki ni kumi na wanane, na wewe unajua kama ulikuwepo. Usiniambie hukuona. Unayo. Uliipiga, ukaona kitambaa kichafu pembeni, ukaifuta, ukapiga safi. Fancy ametia sahihi. Levis ametia sahihi. Weka kitabu hiki chini, chukua simu yako, nenda pale kwenye zile ulizofuta, tazama chini kushoto. Kisha bonyeza rudisha. Korti inafungwa saa kumi na moja. Bonyeza sasa.